Mstari wa Arobaini

Jina lake halisi lilikuwa kwenye faili la utumishi tu. Hospitali nzima, kuanzia mlinzi wa getini mpaka mganga mkuu, ilimwita Bi Hakika, na jina hilo alilipata kihalali. Alikuwa karani wa takwimu za dawa kwa miaka ishirini na sita, na kwa muda wote huo hakuna aliyewahi kukuta tofauti kati ya daftari lake na kilichomo stoo. Ukimwuliza zimebaki chupa ngapi za dripu, hakukwambia "kama thelathini hivi." Alikwambia thelathini na moja, na ukienda kuhesabu unakuta thelathini na moja. Waliowahi kubishana naye hawakurudia.

Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tatu, chumba chembamba chenye dirisha moja lililotazama tangi la maji na kamba za kuanikia mashuka ya wodi. Stoo ya dawa ilikuwa chini kabisa, nusu yake imezama ardhini kwa ajili ya ubaridi. Katikati palikuwa na ngazi sitini na mbili. Kila Ijumaa asubuhi Bi Hakika alizishuka na daftari kwapani, akahesabu kwa macho na kidole kila kilichokuwa rafuni, kisha akazipanda tena, akitua kila baada ya ngazi kumi kama mtu aliyebeba gunia. Mtunza stoo, ambaye wote walimwita Mzee wa Stoo, alikuwa amefanya naye kazi tangu wote wawili wakiwa na meno kamili. Alimtania kwamba akimaliza dawa ahesabu na mende, maana nao ni mali ya serikali.

Alipotimiza miaka hamsini na saba magoti yakaanza kugoma. Daktari alimwambia kwa upole kwamba magoti hayana spea. Mwaka huohuo ikaletwa kompyuta.

Ilikuja na mkufunzi wa siku mbili. Makarani tisa kutoka hospitali na vituo vya jirani walikusanywa kwenye chumba cha mikutano, kompyuta zikiwa nne, wakakaa wawili wawili na watatu watatu kama wanafunzi wanaogombania kitabu. Mkufunzi alikuwa mtu mpole mwenye haraka. Aliwaeleza kwamba kila dawa itakuwa na ukurasa wake: safu ya kwanza tarehe, ya pili jina la wodi, ya tatu zilizoingia, ya nne zilizotoka. Safu zina herufi na mistari ina namba, kwa hiyo kila kisanduku kina anwani yake kama nyumba mtaani. D5 ni safu ya nne, mstari wa tano. Ukitaka mashine ikupigie hesabu, lazima uanze na alama ya usawa, la sivyo itadhani unaandika barua. Halafu unaandika SUM, neno ambalo aliwaambia walichukulie kama "jumlisha", halafu mabano, na ndani ya mabano unaitajia mahali pa kuanzia na mahali pa kuishia.

Bi Hakika aliyaandika yote kwenye daftari la shule, kwa mwandiko wake wa kulala. Mara ya kwanza alisahau alama ya usawa, na maneno yake yakabaki yamekaa kwenye kisanduku bila kufanya kitu. Mara ya pili alisahau kufunga mabano, mashine ikamlalamikia. Mara ya tatu ikatokea namba. Alichukua penseli, akajumlisha kwa mkono pembeni ya daftari, akakuta namba ileile. Akajaribu ukurasa mwingine, na mwingine, mara sita, na mara zote sita mashine na penseli zilikubaliana. Jirani yake alimsikia akicheka peke yake. Alikuwa amekwenda pale akiamini anafundishwa jinsi ya kuondoka kazini, na sasa aliona kwamba hii ni hesabu ileile aliyoipenda tangu utotoni, imepewa tu injini.

Siku ya pili alitengeneza ukurasa wa insulini, dawa ya wagonjwa wa sukari. Wakati huo orodha ilikuwa na mistari kumi na saba. Kwenye kisanduku cha juu alitaka pawepo idadi iliyobaki, yaani zilizoingia kutoa zilizotoka. Alijiuliza aiambie mashine iishie wapi. Akaona arobaini ni mbali, nafasi ya kutosha na ya akiba. Akaandika:

=SUM(C2:C40)-SUM(D2:D40)

Mkufunzi alipita nyuma yake, akainama, akasoma, akamwambia, "Safi sana, mama," akaenda kwa mwingine. Jioni Bi Hakika alinakili fomula hiyo kwenye kurasa zote themanini na sita, moja kwa kila dawa, na kwenye ukurasa wa mbele akapanga majina na masalio yote kwenye orodha moja ndefu ambayo mfamasia mkuu angeisoma kila Jumatatu. Hakuna aliyemwambia kwamba orodha ikipita mstari wa arobaini mashine haitaendelea yenyewe, wala haitapiga kelele. Itasimama palepale ilipoambiwa isimame, kama mtumwa.

Mfamasia mkuu alikuwa mwanamke kijana mwenye moyo mzuri. Ndiye aliyemwambia Bi Hakika aache kushuka ngazi. Hati za kutolea dawa zitapandishwa juu kila asubuhi, alisema, na mashine itajua kilichobaki kuliko macho ya mtu. Bi Hakika alibisha kwa Ijumaa mbili. Ijumaa ya tatu magoti yalikuwa yamevimba, akabaki juu, akaona dunia haikuanguka. Ijumaa ya nne hakuikumbuka kabisa.

Insulini ilikuwa dawa inayotoka kidogokidogo na mara kwa mara, kwa sababu wodi hazikuwa na friji za kuitunzia. Dawa nyingine zilitolewa kwa maboksi mara moja kwa wiki, mistari yao ikasogea polepole. Insulini ilikimbia. Katikati ya mwezi wa nne ilivuka mstari wa arobaini. Bi Hakika aliandika mstari wa arobaini na moja, chupa sita, wodi ya wanaume, akashika hati iliyofuata. Siku hiyo masalio yalikuwa chupa sabini na nne. Siku mbili baadaye, mstari wa arobaini na mbili, masalio sabini na nne. Namba moja iliyosimama kati ya namba themanini na tano zinazotembea haimkwaruzi mtu jicho. Utaratibu ulikuwa kwamba masalio yakishuka chini ya hamsini, mfamasia aagize kutoka bohari kuu, ambako mzigo huchukua wiki tatu kufika. Hayakushuka. Hakuagiza.

Jumanne moja Mzee wa Stoo alimpigia simu ya ndani. Alimwambia friji la insulini limekuwa jepesi, anaona chupa ishirini hivi. Bi Hakika akatazama skrini, akamsomea sabini na nne. Hospitali ilikuwa na friji la pili, la chumba cha chanjo, ambako mzigo mkubwa ukija sehemu yake huhifadhiwa, na funguo zake alikuwa nazo muuguzi wa chanjo.

"Basi nyingine zitakuwa kwenye friji la chanjo," alisema Mzee.

"Zitakuwa huko," alijibu Bi Hakika.

Maneno hayo mawili ndiyo aliyokuja kuyarudia baadaye, akiwa anaoga, akiwa anafunga viatu, akiwa katikati ya mazungumzo na mtu mwingine. Kama angekuwa bado mtu wa daftari, angeshuka. Na kama upande wa pili wa simu angekuwa karani mwingine yeyote, Mzee wa Stoo angekwenda mwenyewe kufungua hilo friji. Lakini aliyesema ni Bi Hakika, na katika miaka ishirini na sita Bi Hakika hakuwahi kumpotosha hata kwa kidonge kimoja.

Siku tisa baadaye friji la stoo likawa tupu. Mzee akamtafuta muuguzi wa chanjo, wakafungua friji la pili, wakakuta chanjo peke yake. Alizipanda ngazi zote mwenyewe, akafika ofisini anahema, akasimama mlangoni bila kusema utani wowote. Bi Hakika alifungua ukurasa wa insulini. Sabini na nne. Akachukua penseli, akajumlisha safu ya tatu, kisha akaitolea safu ya nne kutoka juu mpaka chini kama alivyofanya maisha yake yote. Alipofika mstari wa arobaini akawa sawa na mashine. Chini yake kulikuwa na mistari kumi na mitatu. Akaijumlisha hiyo peke yake: sabini na nne.

Mzee wa Stoo alisema baadaye kwamba hakumwona akilia. Alimwona akiweka penseli mezani taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Mfamasia mkuu alianza kupiga simu huku na kule muda uleule. Bohari kuu waliahidi wiki mbili. Hospitali ya wilaya ya jirani walisema watatazama. Wagonjwa wawili waliokuwa wodini walihamishwa kwa gari, wakapona. Wa nje waliokuja kuchukua chupa zao za mwezi waliambiwa warudi Jumatatu, na Jumatatu wakaambiwa warudi Ijumaa.

Mmoja wao alikuwa fundi saa wa miaka arobaini na mmoja, mwenye kibanda cha kioo kwenye baraza la duka la vifaa vya umeme. Hakuwa na mke. Aliishi na mama yake, pamoja na mdogo wake ambaye ni fundi rangi. Alikuwa amejidunga insulini tangu akiwa na miaka kumi na tisa, na aliujua mwili wake kama alivyozijua saa za watu. Alipoambiwa arudi Jumatatu alianza kupunguza dozi, akijidunga nusu. Alipoambiwa arudi Ijumaa akapunguza tena. Hakumwambia mtu. Mdogo wake aliona tu kwamba anakunywa maji mno na kulala mchana, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Ijumaa hiyo alifika hospitali amebebwa mgongoni. Alifariki saa nane mchana. Saa kumi gari la hospitali lilirudi kutoka wilaya ya jirani na chupa sita kwenye boksi la barafu.

Bi Hakika alizipokea yeye. Ilibidi ziingizwe kwenye safu ya tatu.

Kamati ilikaa wiki iliyofuata: mganga mkuu, mfamasia mkuu na afisa utumishi. Bi Hakika alikwenda na ukurasa wa insulini aliouchapisha, mistari kumi na mitatu ameizungushia wino mwekundu. Alieleza fomula yake kipande kwa kipande, alama ya usawa, mabano, mwanzo na mwisho. Alionyesha arobaini. Alieleza simu ya Mzee wa Stoo na alichojibu. Alisema mwenye kosa ni yeye, na aliomba iandikwe hivyo. Afisa utumishi alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Mfamasia alimwuliza kama mkufunzi aliwafundisha la kufanya orodha inaporefuka. Akajibu hapana, hakuwafundisha, ila mtu aliyehesabu miaka ishirini na sita hahitaji kufundishwa kwamba orodha hurefuka.

Walimshukuru kwa uwazi wake. Ripoti ilipotoka ilikuwa na kurasa nne na mhuri, na kwenye aya ya tatu iliandikwa kwamba upungufu ulitokana na hitilafu ya mfumo wa kompyuta, na kwamba hakuna mtumishi aliyebainika kuhusika. Alikwenda kwa afisa utumishi kulalamika. Huenda ni mtumishi wa kwanza duniani kulalamika kwa sababu hakuadhibiwa. Afisa alimwambia kwamba kumtaja mtu kunafungua mlolongo wa mashauri ambao hautamfufua marehemu, na kwamba amebakiza miaka mitatu astaafu, atulie.

Hakutulia. Nyumbani alikaa mezani mbele ya sahani mpaka chakula kinapoa. Mumewe, mzee mstaafu wa reli ambaye kazi yake ilikuwa kuelekeza treni njia ya kupita, alimwelewa kuliko wengi, maana katika kazi yake mkono mmoja kuteleza ni watu mia. Bi Hakika alimwambia anataka kwenda kwa mama wa fundi saa amweleze ukweli.

"Ukienda, nenda kwa ajili yake," alisema mumewe. "Usiende kwa ajili yako."

Alijichunguza siku nne kuona anakwenda kwa ajili ya nani. Hakuweza kutofautisha. Siku ya tano akaenda.

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, ukuta wa mbele umepakwa rangi tatu tofauti, mabaki ya kazi za fundi rangi. Mama alikuwa na miaka sabini na kidogo, mwembamba, mtulivu. Alimkaribisha, akamwita mwanangu, akampa kiti chenye mto. Mezani palikuwa na trei ya saa za watu ambazo hazijamaliziwa, kila moja imefungiwa kikaratasi cha jina la mwenyewe, na mama alimweleza kwamba anasubiri wenyewe waje wazichukue, lakini watu wanaona haya. Alisema ameshakubali. Mungu alimpa, Mungu amechukua, na alimwachia miaka ishirini na miwili ya ziada tangu ugonjwa ulipoanza, miaka ambayo wengine hawakupewa. Alisema anapata usingizi. Aliyasema hayo bila kujilazimisha, na mtu mwenye busara zaidi angeyapokea, akanywa maji, akaaga.

Bi Hakika alimweleza. Alikuwa amejiandaa kusema kwa ufupi, lakini hesabu haikubali ufupi, na alijikuta akichora kwa kidole juu ya kitambaa cha meza: safu hii, mstari huu, hapa ndipo nilipoiambia iishie. Mama alifuata kidole kile kwa macho mpaka kikasimama.

"Kwa hiyo dawa iliisha watu wasijue."

"Ndiyo, mama."

"Na wangejua?"

"Zingeagizwa mwezi wa nne. Zingekuwepo."

Mama alitazama trei ya saa. Alipoanza kusema sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Nilikuwa nimeshamaliza, wewe mama. Nilikuwa nimemkabidhi Mungu na nimeshafunga mlango. Sasa umekuja kunambia haikuwa Mungu, ilikuwa kidole chako. Umejitua mzigo, umenitwisha mimi. Nami usiku nitaufanyia nini?"

Bi Hakika alisema amekuja kuomba radhi. Mama akamjibu kwamba radhi ni kitu cha mtu aliyekanyagwa mguu, akamwomba aende. Hakumfukuza. Alimfungulia mlango mwenyewe.

Miezi miwili ikapita. Kazini mambo yalinyooka kwa namna iliyomuumiza zaidi. Kwa kuwa sasa yeye ndiye aliyeielewa fomula ile kuliko karani yeyote, mfamasia alimpa jukumu la kuwafundisha wenzake wanane. Alisimama mbele yao kwenye chumba kilekile cha mikutano, akawaonyesha kwamba wasiandike namba za mistari kabisa; waandike herufi ya safu tu, nukta mbili, na herufi ileile tena, =SUM(D:D), na mashine itachukua safu nzima hata ikifika mstari wa elfu kumi. Ni herufi chache kuliko zile za mwanzo. Karani mmoja alicheka akasema kumbe ni rahisi hivyo. Bi Hakika akamjibu kwamba ndiyo, ni rahisi hivyo, kisha akawaomba dakika tano, akaenda kusimama kwenye korido akitazama mashuka yakikauka. Ijumaa alianza tena kushuka ngazi zote sitini na mbili, ameshika chuma cha pembeni kwa mikono miwili. Mzee wa Stoo alimwekea kigoda, na walihesabu pamoja, na hakuna aliyetaja mende.

Ndipo siku moja asubuhi fundi rangi akafika ofisini kwake. Alikuwa na madoa ya chokaa kwenye nyusi na alisimama akipindapinda kofia. Alisema mama yake hali chakula vizuri. Kusali ameacha. Kutwa anazungumzia mstari, anamwuliza kila mgeni kama anajua kompyuta inavyohesabu, amechukua kalamu anachora vijisanduku nyuma ya kalenda, anahesabu mpaka arobaini, anasimama, anaanza tena. Zile saa amezifungia kabatini na hataki wenyewe wazichukue.

"Nimesikia hospitali waliandika ni mashine," alisema. "Njoo na hiyo karatasi, mama. Mwambie ulikosea ulipodhani umekosea."

Bi Hakika alimwambia hiyo si kweli. Kijana alijibu kwamba anajua si kweli. Hakuja kutafuta ukweli, kaka yake ameshazikwa na ukweli wote. Anachotafuta ni mama yake apate usingizi. Alisema hivyo bila ukali, akasubiri. Bi Hakika aliwaza juu ya maneno ya mumewe. Safari hii, alijiambia, angalau inajulikana ni kwa ajili ya nani.

Alikwenda Jumamosi asubuhi na nakala ya ripoti kwenye bahasha ya kaki. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile, amepungua mpaka mabega yamechomoza kwenye kanga. Hakumwita mwanangu wala mama, alimwonyesha tu pa kukaa. Bi Hakika alitoa karatasi, akasoma aya ya tatu kwa sauti, neno kwa neno. Alisema kwamba wataalamu wameichunguza mashine na kukuta hitilafu ilikuwa ndani yake, na kwamba yeye siku ile alikuja akiwa na uchungu, akajibebesha lisilo lake. Sauti yake haikutetemeka. Ilikuwa sauti ileile aliyowasomea watu masalio kwa miaka ishirini na sita, na ndiyo maana iliaminika.

Mama aliomba ashike karatasi. Hakuweza kuisoma vizuri, lakini alipitisha kidole gumba juu ya mhuri, mara mbili.

"Kwa hiyo si wewe."

"Si mimi."

"Wala mwingine."

"Hakuna mtu, mama. Ni mfumo."

Mama alikunja karatasi kwenye mikunjo yake ya awali, akamrudishia. Fundi rangi, aliyekuwa ameegemea mlango, alianza kutabasamu kwa matumaini.

"Nilikuchukia," mama alisema. "Nilikuchukia mpaka nikachoka. Wiki iliyopita nikaanza kujiambia, labda mwakani, nikiwa hai, nitamtuma mtoto akuite, uje ukae hapo ulipokaa, nikusamehe. Nilikuwa nakwenda huko kidogokidogo. Sasa hata wa kumsamehe sina."

Bi Hakika alifungua mdomo. Alimwona fundi rangi mlangoni akitikisa kichwa, taratibu, akimsihi. Akaufunga.

Mama aliinuka, akaenda chumba cha ndani, na wakasikia kitanda kikilia alipolala juu yake, ingawa ilikuwa bado saa nne asubuhi.

Fundi rangi alimsindikiza mgeni mpaka barabarani. Alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru, akasema bila shaka amemtua mama yake mzigo, na kwamba leo atalala. Bi Hakika aliitikia. Alingoja mpaka kijana aliporudi ndani na kufunga mlango, kisha akaendelea kusimama pale, bahasha mkononi, malori ya matofali yakimpita karibu mpaka vumbi likamfika kwenye nyusi. Dereva mmoja alipunguza mwendo akamwuliza kama amepotea. Akasema hapana, akaanza kutembea.